Wakili wa ardhi Mbeya anataka kuingia kwenye miliki ubunifu na sheria ya teknolojia, aanzie wapi?

Swali limetoka kwa wakili wa Mbeya mjini, nalifupisha. Ana miaka 9 kazini, ofisi yake iko Kabwe, kazi yake kubwa ni ardhi na mirathi, siku nyingi yuko Baraza la Ardhi na Nyumba na siku nyingine Mahakama Kuu. Mwezi uliopita mteja wake wa zamani, mama anayekamua mafuta ya parachichi Rungwe, alimwomba amsajilie chapa yake, yeye akamjibu mambo hayo yanafanyika Dar, atafute wakili wa huko. Tangu siku hiyo hana raha. Anauliza: "Nina miaka 38, watoto wawili, kompyuta naijua ya kuandikia tu. Wenzangu wananiambia Mbeya kazi hizo hazipo. Nirudi chuo, nihamie Dar, au niachane nayo?"

Msomi mwenzangu, ndaga (asante) kwa kuandika, maana swali hili nimelisikia mara nyingi sana kwenye korido za mahakama ila watu huwa wanaliuliza kwa sauti ya chini kama wanaomba mkopo. Mimi nipo Iringa, nilianzia kwenye jinai na kesi za kazi, leo zaidi ya nusu ya mafaili yangu ni miliki ubunifu, yaani alama za biashara na hakimiliki, pamoja na mikataba ya programu na mambo ya taarifa binafsi. Sijahama Iringa na sikurudi chuo mpaka kazi zenyewe ziliponilazimisha. Kwa hiyo jibu langu nalisema mapema ili usome mengine ukiwa umetulia: usihame, usifunge ofisi, usiache ardhi, na huyo mama wa parachichi usimwachie aende Dar. Fani inabadilika faili moja moja, na faili lako la kwanza lilishaingia ofisini likatoka.

Kitu ambacho nadhani hujakiona ni kwamba wewe tayari unajua nusu ya kazi hii, sema unaijua kwa majina mengine. Fikiria unavyofanya mteja akija anataka kununua kiwanja Uyole. Unaenda kufanya upekuzi kwa msajili wa hati, unaangalia nani ameandikishwa, kuna zuio au rehani, mipaka inaishia wapi, aliyeuza alipata wapi, hati ni ya miaka 33 au 99. Alama ya biashara, ndiyo hiyo chapa, ni hivyo hivyo kabisa. Unafanya upekuzi BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kuona kama kuna mtu alishaandikisha jina hilo au linalofanana nalo, unapeleka maombi, msajili anayakagua, akiridhika yanatangazwa kwenye jarida, kisha kunakuwa na siku 60 ambazo mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi, na wewe pingamizi ndio chakula chako cha kila siku jamani. Pingamizi likishindwa au lisipokuwepo unapata cheti, kinadumu miaka 7 kuanzia tarehe ya maombi, halafu unahuisha kila miaka 10 bila mwisho, mradi unalipa. Na kama vile kiwanja kisichoendelezwa kinavyoweza kufutiwa miliki, alama iliyosajiliwa halafu ikakaa kabatini bila kutumika nayo inaweza kuombewa ifutwe.

Mipaka ipo pia, ila haipimwi na sevea. Kuna mipaka ya aina mbili. Wa kwanza ni madaraja ya bidhaa na huduma, yapo 45, bidhaa 34 na huduma 11, na hapa ndio watu wengi wanaumia. Chukua parachichi tu. Tunda bichi liko daraja la 31. Mafuta yake ya kula yako daraja la 29. Mafuta hayo hayo ukiyaweka kwenye chupa ndogo ukasema ni ya nywele na ngozi, hapo uko daraja la 3. Sasa mama wa Rungwe akisajili daraja la 29 peke yake halafu baada ya mwaka akaanza kuuza ya kupaka, mtu mwingine anaweza kuwa ameshakaa pale daraja la 3 na jina lile lile, na mama anabaki anashangaa wakati "chapa ni yangu nilisajili". Kazi ya wakili ni kumuuliza mapema anataka kufika wapi na biashara yake, swali ambalo kwenye ardhi unaliuliza kila siku, utajenga nyumba ya kuishi au ya biashara.

Mpaka wa pili ni wa nchi. Cheti cha BRELA kinaishia Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya mali za viwanda ya mwaka 2008 na wakala wao wa usajili, BPRA, kwa hiyo mteja anayepeleka mafuta kwenye mahoteli ya Nungwi asajili na kule. Na sisi watu wa nyanda za juu kusini tuna la ziada ambalo wa Dar hawalifikirii haraka, tumekaa mpakani. Mzigo unavuka Tunduma kuingia Zambia, unavuka Kasumulu kuingia Malawi. Zambia msajili wao ni PACRA. Malawi wapo kwenye Itifaki ya Banjul ya alama za biashara, ya ARIPO, ile taasisi ya kikanda ya miliki ubunifu yenye makao Harare, na Tanzania nayo imo, ila kuna mjadala wa muda mrefu kwamba itifaki ile haikuingizwa vizuri kwenye sheria yetu ya ndani, ndio maana mimi mteja akitaka ulinzi wa Bara huwa napeleka maombi moja kwa moja BRELA, sitegemei Harare peke yake. Ukimweleza hivyo mfanyabiashara wa Tunduma, hutakuwa unamuuzia karatasi, utakuwa unamwambia kitu kinachogusa lori lake.

Sasa nikwambie kosa langu, maana nataka usilirudie. Miaka yangu ya mwanzo alinijia mzee mmoja wa Mafinga mwenye mashine ya kusaga, unga wake ulikuwa unapendwa, akaniuliza kama jina lake liko salama. Nikamuuliza, umesajili? Akatoa cheti cha jina la biashara. Nikamwambia basi uko salama mzee wangu. Haikuwa kweli. Jina la biashara chini ya sheria ile ya majina ya biashara ni kama kujiorodhesha tu kwamba fulani anafanya biashara kwa jina fulani, halikupi umiliki wa jina sokoni, halimzuii mwingine kuliweka kwenye mifuko yake ya unga. Baada ya kama miaka miwili mtu mwingine akawa amesajili alama inayofanana, na mzee ndiye aliyeletewa barua ya kuacha kutumia jina alilolianzisha mwenyewe. Tulipambana kwa hoja ya kwamba yeye ndiye aliyejulikana kwanza sokoni, ile kesi ya mtu kupitisha bidhaa zake kama za mwenzake, tukaishia kwenye makubaliano, yeye akabadilisha mifuko yote. Gharama ile aliibeba mzee na mimi sikuweza kulala vizuri. Nilichojifunza ni kwamba BRELA ni mlango mmoja wenye vyumba vingi, kampuni ni chumba kimoja, jina la biashara kingine, alama kingine, hataza (ulinzi wa uvumbuzi) kingine, na mteja hawezi kujua tofauti kama wewe mwenyewe huijui. Hilo la jina la biashara na alama lishike kuliko yote, ukilielewa na kuweza kulieleza kwa Kiswahili chepesi kwenye kikao cha wajasiriamali pale SIDO, shirika la viwanda vidogo, utapata wateja wa kwanza watano bila tangazo.

Kuhusu maneno ya wenzako kwamba Mbeya kazi hizi hazipo. Mimi nasema zipo ila zimevaa nguo za kawaida, hakuna mteja atakayeingia mlangoni akisema nina tatizo la miliki ubunifu. Atasema kuna mtu ananiibia. Sikiliza hapo.

Anza na kwaya. Ukanda wetu huu kwaya zimejaa, kila usharika una kwaya mbili tatu, wanarekodi, wanatoa video, na hadithi ni ile ile kila mahali: studio iliyorekodi ndiyo iliyopandisha video kwenye chaneli yake ya YouTube, hela za matangazo zinaingia kwake, kwaya wakiuliza wanaambiwa sisi ndio tuliogharamia. Nani mwenye haki? Jibu linahitaji wakili anayejua kwamba wimbo mmoja una haki zaidi ya moja ndani yake. Kuna aliyetunga maneno na muziki, kuna walioimba, kuna aliyetengeneza rekodi yenyewe, na sheria yetu ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 1999 inawatambua wote kwa namna tofauti. Hakimiliki haihitaji usajili ili iwepo, inazaliwa kazi inapokuwa imeandikwa au kurekodiwa, Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, ila kuandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, kunasaidia sana kwenye ushahidi. Ni kazi ya mezani, unawakalisha pande mbili, unaandika mkataba wa kurasa nne, mgawo wa mapato uko wazi, chaneli ni ya nani, mkiachana video zinabaki wapi. Na usidhani mahakama zetu zinalala kwenye haya mambo. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru AY na MwanaFA walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2 baada ya nyimbo zao kutumika kama miito ya simu bila ruhusa. Iangalie vizuri, ni mahakama ya wilaya ile. Wewe mahakama ya wilaya unaijua mpaka inapofungua masijala asubuhi.

Halafu mbegu. Hapo Uyole una TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kituo kimetoa maharage yanayojulikana nchi nzima, Njano Uyole, Uyole 96 na mengine. Aina mpya ya mmea ina ulinzi wake, siyo hataza, ni haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, sheria ya Bara ni ya 2012 na Tanzania ilijiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, Novemba 2015. Kuna kampuni za mbegu, kuna vikundi vya wakulima wanaozalisha mbegu kwa mkataba, kuna wauzaji wanaojaza mbegu feki kwenye mifuko ya wenzao. Mawakili wanaoijua sheria hii ni wachache mno na wengi wao hawajawahi kuona shamba la viazi Njombe. Mtu wa Mbeya akikaa na sheria hii miezi sita, akawasikiliza watafiti na wazalishaji wenyewe, atakuwa na kitu ambacho ofisi kubwa za Dar zitamtafuta. Mimi sikulichukua eneo hili kwa sababu nililiona nimechelewa, natamani wewe ulichukue.

Mchele wa Kyela ni habari nyingine inayoniuma. Kila mtu anauza "mchele wa Kyela", hata ambao haujawahi kuiona Kyela, na mkulima wa kule hapati chochote kwa jina lake kutumika. Nchi nyingine zina viashiria vya kijiografia, yaani ulinzi wa jina la mahali bidhaa inapotoka, ndivyo Ufaransa inavyolinda Champagne na India inavyolinda chai ya Darjeeling. Sheria yetu ya alama za biashara ya Bara ya mwaka 1986 haikutungwa kwa kazi hiyo, na jina tupu la mahali ni gumu kusajiliwa kama alama ya mtu mmoja, kwa haki kabisa maana Kyela siyo ya mtu mmoja. Lakini ushirika wa wakulima unaweza kuwa na nembo yake ya kipekee, masharti ya nani anaruhusiwa kuitumia, mikataba na wakoboaji. Haimalizi tatizo, ila ni bora kuliko kunyamaza, na ni kazi ya wakili.

Upande wa teknolojia, hapo ndio nimeona umeogopa zaidi kwa sababu ya kompyuta. Dada yangu, sheria ya teknolojia kwa sehemu kubwa ni sheria ya ushahidi, mikataba na faragha, haikutaki uandike programu. Si unapeleka meseji za WhatsApp kwenye kesi za mirathi? Si umewahi kupingwa kwamba ile karatasi iliyochapwa kutoka kwenye simu haipokeleki? Basi umeshaingia. Soma kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kinakwambia mahakama itaangalia ujumbe ulitengenezwa vipi, ukahifadhiwa vipi, ukatumwa vipi, uadilifu wake ulilindwaje na aliyeutuma anatambulikaje. Rudi nyuma usome Trust Bank dhidi ya Le-Marsh ya mwaka 2000, Jaji Nsekela, kitengo cha biashara cha Mahakama Kuu, pale maandishi ya kompyuta ya benki yalipopokelewa kabla hata sheria haijasema wazi, uone hoja ilijengwaje. Ukiweza kuingiza ushahidi wa kielektroniki kwa usafi, na kumwangusha mwenzako anayeleta picha za skrini tu bila maelezo, mawakili wenzako wa Mbeya watakuwa wanakupigia simu wakupe kazi. Kwa kweli kama ningeanza upya leo ningeanzia hapa kabla ya alama, kwa sababu unaweza kuanza Jumatatu ijayo kwenye kesi ulizonazo.

Kuna pia jinai za mtandao, sheria ya 2015, kesi zake ziko kwenye mahakama za kawaida huku huku, vijana wanakamatwa kwa meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" au kwa walichoposti, na familia zao hazijui pa kushika. Hizo zitakufundisha haraka jinsi taarifa za mitandao ya simu zinavyotolewa na nani anaruhusiwa kuzitoa.

Lakini kazi inayolipa kwa utulivu, ile ya kila mwezi, ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni namba 11 ya mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake. Inagusa nani? Shule binafsi yenye picha na matokeo ya watoto, hospitali ya misheni yenye mafaili ya wagonjwa, SACCOS, hoteli inayopiga picha vitambulisho, mkopeshaji mdogo pale Mwanjelwa mwenye daftari la namba za simu. Wote hao wanatakiwa kujisajili kwenye Tume kama wakusanyaji au wachakataji wa taarifa, kuwa na afisa wa kusimamia jambo hilo, kusema wanakusanya nini na kwa nini, na kuwa waangalifu kama taarifa zinahifadhiwa kwenye seva nje ya nchi. Wengi hawajui kabisa. Wewe unao tayari, ni wateja wako wa ardhi hao hao, shule uliyoitetea kwenye mgogoro wa kiwanja, SACCOS unayoiandikia rehani. Huhitaji kutafuta mteja mpya, unahitaji kumuuliza mteja wa zamani swali jipya.

Na hili la mikopo ya kwenye simu naliongea kwa uchungu. Mtu amekopa elfu hamsini kwenye apu, kachelewa siku tatu, apu imeshanyonya majina yote kwenye simu yake, inatuma meseji kwa mama mkwe, kwa mchungaji, kwa bosi, kwamba fulani ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Watu wanaaibishwa hadi wanahama mtaa na hawajui kwamba ile ni taarifa yao binafsi iliyotumika kinyume cha sheria na wanaweza kulalamika. Sio kazi ya hela nyingi, ila chukua mbili tatu kwa mwaka hata kwa bei ya chini, kwa sababu zinakufundisha sheria kuliko semina yoyote na kwa sababu watu wetu wanazihitaji.

Kuhusu kurudi chuo. Usianze na uzamili. Anza na kozi ya mtandaoni ya WIPO, shirika la dunia la miliki ubunifu, ile ya msingi inaitwa DL-101, ni bure, unaisoma usiku watoto wakilala, na mwisho unapata cheti. Ukimaliza ndio uchague za ndani zaidi, hakimiliki, hataza, ambazo zina ada. Fungua TanzLII, ile tovuti ya hukumu za Tanzania, kila Ijumaa usome hukumu moja ya alama au hakimiliki mpaka mwisho, sio kichwa cha habari tu, uone nani alishindwa kwa sababu ya sheria na nani alishindwa kwa sababu hakuleta cheti chake. Tumia saa zako za mafunzo endelevu ya TLS, chama chetu cha mawakili, kwenye mada hizi badala ya kuchukua yoyote iliyo karibu. Baada ya mwaka na nusu kama bado moyo upo, ndio ufikirie uzamili, Chuo Kikuu Huria wana masomo ya sheria ya teknolojia ya habari na mawasiliano na wana kituo hapo hapo Mbeya, na Africa University kule Mutare wana uzamili wa miliki ubunifu wanaoendesha pamoja na ARIPO na WIPO. Utasoma ukiwa na maswali yako ya kazini, na hilo linabadilisha kila kitu darasani. Nimeona watu waliosoma kwanza, wakarudi na shahada nzuri, wakakaa wakisubiri mteja anayefanana na kitabu.

Hela, maana una watoto. Miaka miwili ya kwanza usitegemee miliki ubunifu ikulipie ada ya shule. Mimi mwaka wa kwanza nilisajili alama 4 tu, mwaka mzima. Ardhi iendelee kulipa kodi ya ofisi, wewe tenga siku moja kwa wiki, moja kamili, isiyoguswa na mwito wa baraza. Namna ya kutoza nayo ni tofauti, huku hutozi kwa kuhudhuria, unatoza kwa hatua: upekuzi na ushauri hatua ya kwanza, maombi hatua ya pili, pingamizi likija ni mkataba mpya. Mweleze mteja hivyo kwa maandishi tangu siku ya kwanza, pamoja na ada za serikali zikiwa pembeni. Nunua daftari kubwa au tumia kalenda ya simu, andika tarehe ya kuhuisha ya kila alama unayosajili, hata kama ni 2032, kwa sababu mteja atasahau na wewe ndiye utakayelaumiwa, na kwa haki.

Kitu ambacho nakuomba usikiguse peke yako ni kuandika hataza. Maelezo ya uvumbuzi, yale madai yanayochora mpaka wa kinacholindwa, ni kazi ya kiufundi kweli kweli, ukikosea neno umemnyima mtu uvumbuzi wake maisha yote. Akija kijana wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapo Mbeya, na mashine yake ya kumenya viazi, jambo la kwanza mwambie asiionyeshe kwenye maonyesho wala kuiposti kabla maombi hayajapelekwa, maana upya ukishapotea haurudi. La pili tafuta mhandisi wa kukaa naye na wakili aliyewahi kuandika hataza, mgawane ada. Kusema hili silijui, ngoja nimlete anayelijua, hakujawahi kunipotezea mteja.

Na Dar utaihitaji, ila kama rafiki tu, sio kama makazi. Mfumo wa usajili wa BRELA uko mtandaoni, maombi unapeleka ukiwa Kabwe. Tafuta wakili mmoja Dar unayemwamini wa kufuatilia jambo linapokwama, nawe umsaidie mashauri yake ya huku, wana kesi Mbeya hawa na kila mara wanalipa ndege.

Sasa turudi kwa mama wa Rungwe, maana yeye ndiye aliyekufanya uandike. Ningekuwa wewe ningempigia nimwambie ukweli, mama nilikujibu haraka, jambo lako naliweza na pale nisipoweza nina mtu wa kushirikiana naye. Kama ameshapata wakili Dar mpe heri, usimng'ang'anie. Kama bado, mwambie aje na chupa yenyewe, sio jina kwenye karatasi. Angalia jina kwanza, kama ameandika "Parachichi Bora" au "Rungwe Oil" mwambie mapema kwamba neno linaloeleza bidhaa yenyewe au jina la mahali ni gumu kupita kwa msajili, atafute neno la kwake, hata la Kinyakyusa, lisiloeleza mafuta wala mahali. Muulize anauza ya kula au ya kupaka au vyote, hapo una madaraja yako. Muulize anauza Malawi? Angalia kwenye hifadhidata ya bure ya WIPO ya alama za dunia kisha fanya upekuzi rasmi BRELA. Halafu muulize nani alichora ile nembo, na hapa usishangae akikwambia ni kijana wa steshenari pale Mwanjelwa alimlipa elfu thelathini bila karatasi, ndivyo inavyokuwa karibu mara zote. Mchoro ule ni kazi ya hakimiliki na kijana ndiye aliyeuchora, kwa hiyo kabla ya kupeleka chochote mwandikie hati fupi ya kuhamisha haki, ukurasa mmoja, kijana asaini, alipwe kidogo cha juu, jina lake liandikwe vizuri.

Mpigie kesho asubuhi, na swali la kwanza liwe kama lebo mpya zimeshapelekwa kuchapwa, kwa sababu kama bado hazijaenda mna nafasi ya kubadilisha jina bila hasara, na kama zimeshaenda muulize ni ngapi.